Kona ya Kiunga: shajara ya mradi wa sera, Lamu

Mradi huu ni wa muhula mmoja, wa wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na sera za umma, na kituo cha kazi ni Amu, yaani mji wa Lamu. Zao linalotakiwa ni moja tu: muhtasari wa sera wa kurasa mbili kwa idara ya uvuvi ya kaunti, wenye ombi ambalo idara yenyewe ina mamlaka ya kulitimiza. Suala ni mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, uliochorwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, na mvuvi mdogo wa Lamu Mashariki anayetafuta riziki karibu na mpaka huo. Makosa yameandikwa pamoja na yaliyofaulu, maana kundi litakalofuata litaanzia hapa.

Wiki ya 1: kusoma hukumu

Hukumu ni ndefu, na anayeianza ukurasa wa kwanza huchoka akiwa bado kwenye mkataba wa Uingereza na Italia wa 1924. Mpangilio uliofaa ni wa kinyume: kwanza aya ya mwisho yenye maamuzi, kisha sehemu ya namna mstari ulivyochorwa, halafu hoja za pande mbili, na historia mwisho.

Tarehe za kubandika ukutani ni nne. Somalia ilifungua kesi 28 Agosti 2014. Pingamizi za awali za Kenya zilikataliwa 2 Februari 2017. Vikao vya mdomo vilifanyika Machi 2021 bila Kenya kushiriki. Hukumu ikatoka 12 Oktoba mwaka huohuo, na Serikali ya Kenya ikatangaza kutoikubali.

Rasimu za kwanza karibu zote ziliandika kwamba Somalia ilishinda. Sentensi hiyo ilifutwa, kwa kuwa inaficha kilichotokea. Kenya ilidai mpaka ufuate latitudo, yaani mstari unaokwenda mashariki moja kwa moja kutoka pwani. Somalia ilidai mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani za nchi zote mbili. Mahakama ilisema hapakuwa na makubaliano yoyote juu ya latitudo. Ndani ya bahari ya nchi, yaani maili 12 za baharini kutoka pwani, ikachora mstari wa kati. Kuanzia hapo kwenda nje ikausogeza mstari kaskazini, kwa faida ya Kenya, kwa sababu pwani ya Kenya imebanwa baina ya Somalia na Tanzania na mstari wa kati mtupu ungeikata mno. Dai la Somalia kwamba Kenya ilikiuka wajibu wake wa kimataifa lilikataliwa. Kwa hiyo mstari uliopo si wa Kenya wala si wa Somalia.

Kuchora mstari wa kati na kuusogeza ni hatua mbili za kwanza za mbinu ya Mahakama; ya tatu ni kuangalia kama matokeo yanapotoka kupita kiasi, kwa kulinganisha uwiano wa pwani na wa bahari. Urefu wa pwani ulikuwa 1 kwa 1.43, na eneo la bahari 1 kwa 1.30. Hapa wengi hupinduka: uwiano wa kwanza unaelemea Somalia, wa pili unaelemea Kenya. Bila kuandika jina la nchi chini ya kila tarakimu, msomaji anatoka na maana iliyogeuka.

Wiki ya 2: ramani, vibali na barua

Tulitumia nukta tatu za hukumu, kwa mfumo wa WGS 84, ndio unaotumiwa na GPS. Mstari unaanza pwani kwenye 1°39′44.07″ kusini, 41°33′34.57″ mashariki. Nukta A, kwenye ukingo wa maili 12, ni 1°47′39.1″ kusini, 41°43′46.8″ mashariki. Kutoka hapo mstari unashika mwelekeo wa digrii 114 hadi Nukta B, maili 200 kutoka pwani ya Kenya: 3°4′21.3″ kusini, 44°35′30.7″ mashariki.

Programu ya kuchorea ramani, QGIS, inataka digrii za desimali. Dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha hujumlishwa. Nukta A inakuwa -1.794194 na 41.729667, Nukta B inakuwa -3.072583 na 44.591861. Kosa lililojirudia ni kuandika 1°47′ kama 1.47, kana kwamba dakika ni sehemu ya mia. Kosa hilo dogo linausogeza mpaka maili 19 kaskazini. La pili ni kusahau alama ya kutoa kwa latitudo za kusini: nukta inaangukia nchi kavu, ndani ya Somalia. La tatu ni kubadilisha safu. Safu ya X ni longitudo. Ukiingiza latitudo hapo, Nukta A inajitokeza kaskazini mwa Hispania. Hilo la mwisho halina hatari, linajitangaza lenyewe. Kosa la maili 19 ndilo la kuogopwa, kwa sababu ramani inabaki ikionekana sawa.

Hundi ya kumaliza ni kupima umbali wa A hadi B. Unapaswa kupata takriban maili 188 za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, sawa na dakika moja ya latitudo. Kwenye chati ya karatasi umbali hupimwa kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, kamwe si ule wa juu au wa chini.

Baada ya mstari kukaa vizuri, tuliweka juu yake latitudo iliyodaiwa na Kenya na kupima pengo. Kwenye longitudo ya Nukta B pengo ni maili 84 na nusu. Kwenye longitudo ya Nukta A ni maili 8 kasoro. Magazeti yalizungumzia pembetatu ya kilomita za mraba kama 100,000, lakini hiyo ni ile iliyobishaniwa baina ya madai ya nchi mbili, si pengo hili, na sehemu kubwa yake iko mbali sana, ambako mtumbwi na mashua hazifiki. Ile kona ya kwanza, kati ya pwani na Nukta A, kwa hesabu ya kawaida ya pembetatu ni kilomita za mraba 140 tu. Mvuvi wa Kiunga anaishi mlangoni mwa kona hiyo. Kuanzia hapa mradi ulihama kutoka kwenye vitalu vya mafuta vya bahari ile ya mbali, ukaja kwenye kilomita za mraba 140.

Vibali viende sambamba na ramani, visiisubiri. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na leseni hiyo inamtaka mtafiti ajulishe uongozi wa kaunti kabla hajaanza kuuliza watu maswali. Beba nakala tatu zilizopigwa chapa. Simu ikizima, nakala ya kwenye simu haina kazi.

Barua ya kuomba taarifa inatumwa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu. Rasimu ya kwanza iliomba “takwimu zote za uvuvi Lamu”. Ombi la namna hiyo hujibiwa kwa kuulizwa unachotaka hasa, na wiki zimekwenda. Rasimu iliyotumwa ilitaja bandari za kushushia samaki kwa majina, miaka mitatu, aina tano za samaki, na kipimo kinachotakiwa, kilo kwa mwezi. Andika tarehe ya siku ya 21 juu ya nakala yako.

Wiki ya 3: aya iliyobadilisha swali

Swali la awali lilikuwa hukumu imewaathiri vipi wavuvi. Lilikufa tulipofika kwenye hoja za Kenya kuhusu riziki ya watu wa pwani. Kenya iliiambia Mahakama kwamba mstari wa kati ungewaumiza wavuvi wake. Mahakama haikukataa kwamba jambo hilo laweza kupimwa; kipimo chenyewe kipo tangu kesi ya Ghuba ya Maine kati ya Kanada na Marekani, iliyoamuliwa 12 Oktoba 1984, tarehe ileile miaka 37 kabla. Kipimo ni kikali: madhara lazima yawe ya maangamizi kwa maisha na uchumi wa watu husika. Kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, Mahakama haikuridhika.

Aya hiyo ilisomwa kwa sauti mara mbili. Ushahidi haukutosha. Watu wa Kiunga, Kizingitini na Faza wamevua bahari hiyo vizazi kwa vizazi, na suala lao lilipofika mezani huko The Hague, makao ya Mahakama, halikuwa na uzito wa kusogeza mstari. Hakuna anayeweza kusema kwamba daftari zuri lingebadilisha mpaka, na muhtasari wetu hausemi hivyo. Unasema kwamba mazungumzo yoyote yajayo na Somalia yataanza na swali lilelile: nani huvua wapi, lini, kwa chombo gani? Swali jipya likawa: kaunti inaweza kufanya nini sasa ili jibu liwepo?

Tahadhari ya kuchanganya mafaili. Kesi ya wavuvi na bandari ya Lamu ni nyingine kabisa. Hiyo iliamuliwa na Mahakama Kuu huko Malindi tarehe 30 Aprili 2018, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi 4,600 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Ni sheria ya ndani, mdaiwa ni serikali, na eneo ni Manda, kusini ya kona yetu. Mtu akiitaja kikaoni, iandikwe pembeni na mazungumzo yarudi kwenye ramani.

Wiki ya 4 na ya 5: vikao vya komwe

Maswali ya “umeathirika vipi?” yalijaribiwa kwa siku moja yakaachwa. Swali limeshabeba jibu, na kila mtu husema ameathirika sana. Badala yake tulitumia ramani ya miraba na komwe, zile mbegu za kuchezea bao.

Karatasi ni A1. Eneo ni kutoka 1°40′ hadi 2°20′ kusini, na 40°50′ hadi 41°45′ mashariki, likigawanywa kwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5: safu 11 kwa mistari 8, jumla 88, mingine nchi kavu. Kila mraba ni sentimita 6 kwenye karatasi na kama kilomita 9.3 baharini. Chora pwani, visiwa, miamba na majina ya mahali. Mpaka usichorwe kwenye nakala hii. Ukionekana tu, mkono wa mtu unaukwepa.

Kila mvuvi anapewa komwe 20, azigawe kwenye miraba kadiri ya safari zake za msimu wa kaskazi. Zihesabiwe, picha ipigwe kutoka juu, kisha azigawe upya kwa msimu wa kusi. Bao moja lina kete 64, kwa hiyo linatosha wavuvi watatu na nne zinabaki za akiba. Jaribio la kwanza lilifanywa kwa punje za mahindi. Upepo wa kaskazi ulizifagia kabla hesabu haijaisha. Komwe ni nzito, haziviringiki ovyo, na kila mzee anazijua mkononi.

Ramani ilipotundikwa ukutani, wengi waliisoma kwa taabu. Ilipolazwa chini na kaskazini yake ikaelekezwa kaskazini ya kweli, mambo yalinyooka papo hapo: mtu anaonyesha kwa mkono bahari yenyewe, kisha anashuka kwenye karatasi. Mzee mmoja alizipanga komwe 13 kwenye mraba mmoja, akazitazama, akaziondoa 4 na kuziweka mraba wa pili, kwa kuwa alikumbuka kwamba mwezi wa mwisho wa kaskazi maji yalichafuka na akarudi ndani ya miamba. Fomu ya maswali isingelipata jambo hilo hata siku moja.

Saa za vikao zinapangwa na maji, si na ofisi. Angalia majedwali ya kupwa na kujaa wiki nzima kabla, na uliza vyombo vinatoka lini. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, watu hawana nafasi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, wanapatikana. Kiunga kwenyewe hatukwenda, kwa sababu ya usalama wa mpakani. Wavuvi wanaovua upande huo walialikwa Kizingitini, na nauli zao za boti ziliwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Hilo lina dosari: aliyeweza kusafiri si lazima awe sawa na aliyebaki, na muhtasari unalisema wazi.

Kuna kosa la daftari lililotugharimu siku nzima. Waandishi wawili walinakili “kusi” kama “kusini” na “kaskazi” kama “kaskazini”. Msimu ukageuka mwelekeo, na safari za miezi ya upepo zikaonekana kama safari za kuelekea Somalia. Dawa ni kuandika msimu kwa herufi moja ndani ya duara, S au K, na mwelekeo kwa mshale.

Majina ya watu hayaandikwi, wala njia ya GPS ya chombo haichukuliwi. Mraba wa kilomita 9 unatosha kwa sera na hautoshi kumkamata mtu au kumwibia mvuvi mahali pake pa siri. Anayeona utaratibu huu ni wa kupita kiasi afikirie daftari hilo likiwa mikononi mwa askari wa upande wowote.

Wiki ya 6 na ya 7: Ramadhani na kalenda ya bajeti

Vikao vilihamishwa baada ya tarawehe, vifupi, visivyozidi dakika 40. Mchana ulitumika kuingiza takwimu, mtu mmoja akisoma kutoka kwenye picha na mwingine akiandika, kisha wanabadilishana kwa kila ramani ya tano.

Wakati huohuo kundi la sera lilishughulikia swali ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloua mihtasari mingi ya vyuoni: ombi lipelekwe kwa nani, na lini? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa mambo ya nje na matumizi ya maji ya kimataifa. Kaunti imepewa uvuvi, ndani ya kifungu cha kilimo. Kwa hiyo kuiomba Kaunti ya Lamu izungumze na Mogadishu ni kuandika kwenye maji. Kuiomba iongeze safu moja kwenye fomu ya mavuvi ni kazi yake.

Fomu tulizoonyeshwa zina aina ya samaki, uzito na bei; mahali palipovuliwa panatajwa kwa jina la jumla tu. Ombi likawa hilo: safu ya namba ya mraba, ramani ya miraba iliyofunikwa plastiki kwenye kila bandari ya kushushia, na mafunzo ya siku mbili kwa makarani wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti ifike bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba. Februari ilikuwa imetupita. Makadirio ya Aprili hufuatwa na vikao vya umma vya kamati ya bajeti, na hapo kitu kidogo kama ramani za plastiki huweza kuingia. Mafunzo ya makarani yanahitaji mpango wa Septemba, ambao ni wa mwaka wa fedha unaofuata. Ombi moja likagawanywa mara mbili, kila sehemu na mlango wake.

Wiki ya 8: mazungumzo ya kuigiza

Wajumbe 4 wa Kenya, 4 wa Somalia, na 4 wa wavuvi wanaokaa pembeni na kuruhusiwa kusema mara mbili tu. Muda dakika 90. Kila upande una karatasi moja ya siri: unachotaka, unachoweza kuachia, usichoachia.

Awamu ya kwanza iliharibika ndani ya dakika 15, kwa kuwa pande zote zilirudi kubishana juu ya hukumu. Sheria ya Mahakama haina rufaa; mapitio yanakubaliwa tu kwa ukweli mpya wenye uzito wa kuamua kesi, ndani ya miezi 6 tangu ugunduliwe na kabla miaka 10 ya hukumu haijapita. Awamu ya pili ilianza kwa sharti lililoandikwa ubaoni: mstari hauguswi, tunazungumza nani anaweza kuuvuka na kwa masharti gani.

Hapo ndipo utafiti wa sheria ulipohitajika kwa makini. Ujumbe wa Kenya ulikimbilia ibara ya 62 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, inayotaka watu waliozoea kuvua mahali wafikiriwe. Ibara hiyo inahusu eneo la kiuchumi la maili 200, lakini kona yetu iko ndani ya maili 12, ambako nchi ya pwani ina mamlaka kamili. Haiwasaidii. Mfano unaosaidia ni usuluhishi wa Eritrea na Yemen, uliotolewa kwa awamu mbili, 1998 na 1999: visiwa viligawanywa na mpaka ukachorwa, lakini uvuvi wa jadi wa wadogo wa pande zote mbili ulihifadhiwa, hata ndani ya bahari ya nchi. Haifungi Kenya wala Somalia. Inaonyesha tu kwamba mstari na mtumbwi vinaweza kuishi pamoja. Walipoulizwa wanaowawakilisha ni wavuvi wangapi na wa vyombo gani, wajumbe wa Kenya walifungua ramani ya komwe.

Wiki ya 9 hadi ya 11: kuandika

Kurasa mbili, maneno 1,000, ramani moja. Ombi liko aya ya kwanza, si ya mwisho, kwa kuwa afisa husoma aya ya kwanza akiwa amesimama. Historia ya kesi imepewa sentensi 4. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa 5 za historia na sentensi moja ya ombi. Ramani ya muhtasari sasa ina mpaka, na miraba imetiwa rangi kwa ngazi tatu tu. Mraba wenye wavuvi chini ya watatu umeachwa mtupu, ili mtu asitambulike.

Ukaguzi ulifanywa na msomaji ambaye hakuwa kwenye mradi. Alipewa dakika 3, kisha akaulizwa: nani anaombwa, afanye nini, kabla ya tarehe gani? Mara ya kwanza alikosa tarehe, iliyokuwa imefichwa kwenye ukurasa wa pili. Imepandishwa.

Kazi iliyo mezani: ombi la maandishi kwa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, endapo idara haitajibu, nakala za ramani kurudishwa Kizingitini kwa waliozitengeneza, zikiwa zimefunikwa plastiki, siku ya maji mafu, na kikao cha pili cha komwe kusi ikishika, kuangalia kama safari za msimu huo zinalingana na zile zilizokumbukwa wakati wa kaskazi.